Kikanyagio cha Boti ya Baba

Simu ya Bonaya iliingia saa tatu na robo asubuhi, siku ya Jumatano, nikiwa nafuta ubao katika darasa la chekechea ninalofundisha hapa Garsen. Bonaya ni mfugaji Muorma. Mke wake, Abdia, hutuletea maziwa nyumbani, na kwa kawaida Bonaya akinipigia huwa ni kusema maziwa yamechelewa. Kabla hajanena lolote nikamwambia, "Leo usijali, ya jana yamebaki."

"Mama Linda," akasema, "si maziwa. Boti ya mzee imegonga mti. Thoya ametoka. Mzee bado hajatoka."

Nikamwuliza hajatoka wapi.

"Kwa maji," akasema.

Nyuma ya sauti yake nilisikia ng'ombe wengi, na mtu akiita jina la baba yangu, akinyamaza, kisha akiita tena. Nilimwachia mwalimu mwenzangu watoto nikapanda pikipiki mpaka kwenye malka, ile njia ambayo ng'ombe wa Waorma hushukia mtoni kunywa na kuvuka. Bonaya alikuwa ndani ya maji mpaka shingoni, pamoja na watu ambao sikuwajua. Mitumbwi mitatu ilikuwa ikivuta nyavu. Walimpata baba saa nane mchana, mbali kidogo chini ya mkondo, akiwa na jeraha moja kwenye paji la uso. Alikuwa na miaka sitini na mitatu.

Ninaandika haya kwa ajili ya ndugu na waumini ambao hawakuweza kufika, na kwa sababu maneno mengi yalisemwa juu ya kifo chake kabla hajazikwa. Kuna jambo moja ambalo ninalijua kuliko wengine wote. Boti ile ilikuwa imewekwa kikanyagio cha mafuta, na mimi ndiye niliyesema kiwekwe.

Baba yangu, Kiti Nzai, hakuzaliwa mtoni. Aliletwa na wazazi wake kutoka upande wa Magarini akiwa na miaka tisa, walipokuja kutafuta shamba. Wagiriama wenzake walishika jembe. Yeye alishika upondo. Majirani Wapokomo walimfundisha kusimama nyuma ya mtumbwi, kuusukuma kwa ule mti mrefu, na kusoma maji kwa macho. Alivusha watu, mahindi, wagonjwa, na mara moja bibi harusi aliyekataa kuvuka mpaka aahidiwe kwamba viatu vyake havitalowa. Miaka ishirini na sita alikuwa mtu wa upondo kabla kikundi cha wavuvi hakijapata boti ya injini na kumkabidhi yeye aiendeshe.

Alibatizwa mtu mzima, katika mto huo huo. Mchungaji alipomshika ili amzamishe, baba alimwambia kwa sauti ya chini, "Rudi nyuma hatua mbili, hapo ulipo pana shimo." Mchungaji akarudi. Kanisani alipenda kukaa benchi la mwisho, na kama mahubiri yalirefuka alitoka kwenda kutazama kamba za boti, lakini sijawahi kumwona akiwasha injini bila kuvua kofia na kuomba.

Mimi ni kifungua mimba wake, na nina jina la mama yake, kwa hiyo aliniita Mama maisha yangu yote. Mama mzazi alipofariki, mambo ya boti ambayo zamani walikuwa wakishauriana wawili yalihamia kwangu. Boti ipakwe rangi au isipakwe, nyavu gani zinunuliwe, Thoya, mtoto wa shangazi yangu, achukuliwe kazini au asichukuliwe. Nilikuwa nimesoma mpaka kidato cha nne, na kwake hilo lilimaanisha kwamba nitajua.

Mwaka jana, mwezi wa nane, mwiba wa kambale ulimchoma chini ya kidole gumba cha mkono wa kushoto. Alifunga kitambaa akaendelea na kazi. Siku ya nne mkono ulikuwa umevimba mpaka kwenye kiwiko. Alilazwa wiki tatu, na aliporudi, gumba na vidole viwili vilikuwa vimekataa kukunjika.

Lazima nieleze injini ile inavyoendeshwa. Ina mpini mmoja nyuma. Ukiusogeza kushoto au kulia, boti inageuka. Ukiuzungusha, mafuta yanaongezeka au yanapungua. Baba alikuwa ameuchomekea bomba la maji ili aweze kuendesha akiwa amesimama, kama alivyozoea kwenye mtumbwi, kwa sababu maji yetu ni ya matope na aliyekaa hamwoni kiboko mpaka amfikie. Baada ya mkono kuumia aliweza kulibana bomba kwa kiwiko na kugeuza boti vizuri. Kuzungusha hakuweza. Alijaribu kwa mkono wa kulia, lakini alilazimika kusimama upande usio wake, na mara mbili waliingia kwenye matete.

Thoya alitaka aendeshe yeye. Ana miaka thelathini na minne, na alikuwa amekaa mbele ya boti ile miaka saba akishughulika na nyavu.

"Mjomba, wewe kaa katikati kama mheshimiwa," alimwambia. "Nitakuwekea hata mto."

"Katikati wanakaa mbuzi na maharusi," baba akajibu.

"Basi kaa kama bwana harusi."

"Nikikaa katikati, wewe utaniuliza njia kila kona, na mwisho nitakuwa naendesha kwa mdomo. Heri nibaki nyumbani."

Alibaki nyumbani kweli, wiki mbili. Alikuwa akiamka alfajiri, anavaa koti lake la mtoni, anakaa kwenye kiti nje, kisha jua likishachomoza analivua. Chakula alikuwa akikisogeza kwenye sahani bila kula. Nilianza kuogopa kwamba atafia pale kwenye kiti, bila kusubiri mto umchukue.

Ndipo akaja Athman. Yeye ni fundi wa Garsen, mtu wa Kipini kwa asili, anayetengeneza pikipiki na injini za boti. Alisema anaweza kufunga kikanyagio sakafuni, chenye waya unaokwenda mpaka kwenye injini na springi ya kukirudisha.

"Ni kama cherehani, mzee," alisema. "Ukikanyaga inashona, ukiacha inanyamaza."

"Basi kamwite mama wa cherehani aje aendeshe," baba akasema, lakini nilimwona ameshasogeza kiti karibu.

Walizungumza saa nzima. Mwisho baba akanigeukia. "Mama, unasemaje? Ukikataa, sitaweka. Nitamwachia Thoya na sitalalamika."

Nilijua angelalamika, lakini pia nilijua asingeweka. Niliomba nipewe siku tatu.

Siku hizo tatu niliuliza kila nililoweza kuliuliza. Waya ukikatika? Athman akasema injini inatulia yenyewe. Springi ikivunjika mguu ukiwa juu yake? Hapo injini italia, lakini kuna kamba ya kuzimia injini, inayofungwa mkononi mwa mwendeshaji. Akianguka inachomoka na injini inakufa. Nikamwambia baba kwamba kama ni ndiyo, basi kamba hiyo ataifunga kila siku, hata akivuka kwenda ng'ambo tu. Akakubali. Nilidhani nimekuwa mwangalifu sana. Niliuliza juu ya waya, springi na kamba. Juu ya mguu sikuuliza.

Nilifunga kula na kuomba. Nilimwambia Mungu kwamba kama Athman atapata springi inayofaa kabla ya Ijumaa, nitajua ni mapenzi yake. Athman aliipata Alhamisi, kwenye pikipiki mbovu iliyokuwa nyuma ya kibanda chake. Nikachukua kuwa nimejibiwa, nikasema ndiyo. Leo sidhani kwamba Mungu alinidanganya. Swali lile lilikuwa langu, na mimi nilimsukumia yeye.

Athman alikuwa amekiweka kikanyagio mbele ya ubao wa kukalia, pahali pa mtu aliyeketi. Baba akamwambia akihamishe.

"Mimi sikai. Kiweke hapa, chini ya mguu wa kulia."

Siku ya majaribio tulisimama wengi ukingoni. Alikwenda juu, akageuza, akarudi, boti ikitii kama iliyozaliwa naye. Alikuwa amevua kofia, na kutoka mbali nilisikia anaimba. Alipokaribia pantoni, pale boti inapofungwa, tulimwona amekaza uso, amejiegemeza nyuma, na boti badala ya kupunguza mwendo ikaruka, ikapanda kwenye matope mpaka nusu. Mama mmoja aliyekuwa akiosha vyombo alikimbia na sufuria kichwani.

Watu walicheka sana. Athman akasema, "Mzee, sasa umeshona mpaka mchanga."

Baba alicheka pamoja nao, lakini kabla ya kushuka aliutazama mguu wake.

Nilimfuata jioni akiwa anaosha matope. Nikamwambia, "Baba, ulitaka kusimamisha boti, ukakanyaga."

"Nilisahau."

"Na kama mbele yako angekuwa kiboko?"

"Kiboko angenikumbusha." Aliona sicheki. "Mguu ni mwanafunzi, Mama. Wewe si mwalimu? Unamfukuza mwanafunzi kwa kosa la siku ya kwanza?"

Usiku ule nilishika simu ili nimwambie Athman akihamishie mguu wa kushoto, au akiondoe kabisa. Nilisikia baba chumbani kwake akiendelea na ule wimbo wa mchana. Tangu atoke hospitali sikuwa nimemsikia akiimba. Nikaiweka simu chini.

Wiki tano mambo yalikwenda vizuri. Alinenepa kidogo. Thoya aliacha kumtania juu ya mto. Kamba ya kuzimia aliifunga kila siku, na mara nyingine aliunyanyua mkono akiwa katikati ya mto ili mimi niliye ukingoni niione.

Siku ya Jumatano ile walikuwa wakirudi kutoka kutega. Thoya amenisimulia mara mbili, na mara zote mbili hakubadilisha neno. Walikata kona iliyo juu ya malka, na ng'ombe wa Bonaya walikuwa majini wakivuka, vichwa tu vikionekana. Thoya alisema, "Mjomba, ng'ombe." Baba akajibu, "Nimewaona." Kisha injini, badala ya kutulia, ikanguruma. Baba alivuta bomba kuelekea ukingoni ili asiwapande ng'ombe, na ukingoni kulikuwa na mti ulioanguka zamani. Thoya alirushwa kwenye udongo. Baba aligonga kichwa akaingia majini. Kamba ilichomoka mahali pake na injini ikazimika, kama Athman alivyoahidi.

Jioni ya siku hiyo hiyo Athman alikuja nyumbani. Alikaa karibu na mlango bila kuvua kofia, na chai yake ikapoa.

"Nimekwenda kukifungua, dada," alisema. "Waya mzima. Springi nzima. Nimevitazama vyote. Mimi ni mtu wa pikipiki. Mtu wa pikipiki akiogopa anaachia mafuta, basi nilidhani kila mtu akiogopa anaachia. Sikufikiria kwamba mtu wa upondo akiogopa anakita mguu."

Ndivyo ilivyo. Aliye nyuma ya mtumbwi akitaka kuuzuia huchomeka upondo chini, hujiegemeza nyuma, na nguvu zote huzishushia kwenye mguu wa kulia. Mwili wa baba ulikuwa umefanya hivyo tangu utotoni. Tulikuwa tumeweka mwendo pale ambapo kwake palikuwa breki.

Hanga, yaani matanga yetu, ilianza kesho yake. Kina mama walilala ndani na nje, maturubai yakafungwa, wageni wakaja mpaka kutoka Malindi. Mchana wa Alhamisi, wanaume wakiwa wamemaliza kula, baba mdogo Nzai, mdogo wa marehemu, alisema kwa sauti ya kusikika, "Ndugu yangu ameuawa na ng'ombe."

Vijana kadhaa wakamgeukia. Mmoja akauliza hao ng'ombe walivushwa kwa ruhusa ya nani saa ya boti kupita. Mwingine akasema lazima Bonaya aulizwe, na asiulizwe na mtu mmoja. Ninyi mnaoishi hapa mnajua. Kwetu, wakulima na wafugaji, neno kama hilo halibaki pale liliposemwa. Linatembea, na likirudi huwa limeongeza watu.

Nilimwita Thoya nyuma ya jiko.

"Umewaambia kuhusu injini?"

"Nimewaambia kulikuwa na ng'ombe."

"Kuhusu injini, Thoya."

Alikwaruza ukuta kwa kidole. "Nikisema injini ilinguruma, watasema mjomba hakujua boti. Sitaki azikwe na jina hilo. Na wewe pia," akasema, "kila mtu anajua ni wewe uliyekubali kile kitu. Acha iwe ng'ombe, dada. Ng'ombe hawana aibu."

Sitaficha kwamba nilishukuru aliposema hivyo. Nilirudi ndani nikakaa na kina mama, nikaimba nao, na kwa muda wa kama saa nzima nilikuwa mtu ambaye baba yake ameuawa na ng'ombe. Ilikuwa nyepesi zaidi. Kisha Abdia aliingia na dumu lake la maziwa, kama kila siku. Akaliweka kwa wapishi, akaja kunipa mkono wa pole. Akaniambia Bonaya hatakuja kuzika. Amesikia yanayosemwa, na ameanza kuondoa ng'ombe wake kabla ya wakati wa kuhama.

Niliomba, safari hii bila kuomba ishara. Ijumaa asubuhi nilikwenda walipokaa wanaume. Kwa desturi yetu mwanamke hasimami pale kusema mambo ya kifo, hata awe kifungua mimba. Nilisimama nikawaeleza jinsi mwiba ulivyomwumiza, jinsi Athman alivyofunga kikanyagio, siku ya majaribio na ile sufuria. Wengi walikuwepo siku ile, walicheka nami, na sasa waliitazama miguu yao. Nikamwomba Thoya aseme alichosikia. Akasema.

Baba mdogo Nzai akanigeukia.

"Kwa hiyo unasema ni wewe."

"Nasema ng'ombe walikuwa wakivuka njia yao, baba mdogo. Nasema mguu ulikita kama ulivyozoea. Na nasema baba aliniuliza, nikakubali, na nilipouona mguu wake unakosea sikusema kitu tena."

"Sasa unataka tukufanye nini?"

"Nataka Bonaya aje kuzika."

Alichukua fimbo yake, akaiweka magotini, akaitoa. Mzee mmoja wa kanisa akakohoa. Mwisho baba mdogo akasema, "Aje. Lakini ng'ombe awaache."

Watu wawili watatu wakacheka kidogo, kisha mmoja akamkumbuka marehemu alivyokuwa akichekesha, akaanza kulia. Baba mdogo hakuzungumza nami siku nzima. Wala sikumlaumu. Mpaka leo ananisalimu kwa adabu tu, na sijui kama itabadilika.

Tulimzika Jumamosi. Mwili uliletwa saa nne na nusu kwa gari la kanisa, tukauweka chini ya turubai ili watu waage. Nilimtazama usoni. Jeraha lilikuwa limefunikwa vizuri, na kina baba wa kanisa walikuwa wamemvalisha koti lake jeusi la Krismasi. Linda, binti yangu, alishika kando ya jeneza mpaka nikamwondoa. Mchungaji alisoma neno, akahubiri kwa ufupi kwa sababu ya jua, akasimulia habari ya shimo la siku ya ubatizo, na watu wakacheka.

Bonaya alikuja na wazee wawili wa Kiorma. Walisimama nyuma wakati wa nyimbo. Jeneza lilipobebwa kwenda kaburini, karibu na kaburi la mama, Thoya alikuwa mbele upande wa kulia na Athman nyuma yake. Baba mdogo Nzai aligeuka, akamwona Bonaya amesimama mikono mitupu, akamwonyesha kwa kidevu pahali pa kushika. Bonaya akashika.

Walimshusha kwa kamba, taratibu. Mchungaji akaomba. Baba mdogo akatupa udongo wa kwanza, mimi nikafuata, kisha wajukuu, kisha Thoya, kisha Athman, kisha Bonaya na wale wazee. Mimi sikuweza kusema kitu kirefu. Nilisema, "Nisamehe, Baba. Lala salama." Vijana wakachukua majembe wakajaza kaburi, wakapokezana mpaka udongo ukainuka, wakasimika msalaba wa mbao wenye jina lake na miaka yake. Tukaimba ubeti wa mwisho, mchungaji akatubariki, na watu wakaanza kurudi nyumbani kula, wageni wa mbali wakitangulia.